Faili za Muda na Nafasi ya Diski: Usalama wa Daftari la Chama Ndani ya Kompyuta

(Mazungumzo kwa makatibu, makarani na wajumbe wa kamati za vyama wanachama)



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vya ushirika vimejengwa juu ya msemo huo. Mkulima hakabidhi gunia lake kwa karani kwa sababu ya urafiki. Hulikabidhi kwa sababu uzito unaandikwa mbele ya macho yake, stakabadhi inakatwa, na jina lake linabaki katika leja mpaka siku ya malipo. Siku hizi, katika vyama vingi, leja hiyo imehamia ndani ya kompyuta. Umbo la daftari limebadilika, lakini wajibu wa kulitunza ni ule ule.

Makatibu wengi wamekwisha kujifunza namna ya kuingiza mizani ya kila siku, kuchapa orodha za malipo na kutoa taarifa za mwisho wa mwezi. Jambo ambalo halijafundishwa vya kutosha ni matengenezo ya daftari lenyewe. Matengenezo hayo yanahitaji nafasi tupu kwenye diski, na wakati wa kufanyika huzaa faili za muda. Mtu asiyezijua faili hizo aweza kwa dakika moja kuharibu kazi ya msimu mzima, tena kwa nia njema kabisa ya kufanya usafi.

KANZIDATA NA SABABU YA KUITENGENEZA

Kanzidata ni daftari kuu lililopangwa ndani ya kompyuta kwa utaratibu unaoiwezesha programu kupata habari yoyote kwa haraka: jina la mwanachama, kilo zake, deni lake la pembejeo, na malipo yake ya awali na ya pili. Katika programu nyingi ndogo, kanzidata nzima huwa faili moja tu. Ndivyo ilivyo kwa SQLite, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp, ambayo leo imo ndani ya simu za mkononi na programu nyingi za kompyuta ndogo. Mifano mingi ya mazungumzo haya inatokana nayo, kwa kuwa kanuni zake ziko wazi na ni rahisi kueleweka.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kufuta kumbukumbu hakupunguzi ukubwa wa faili. Katibu aweza kufuta mizani yote ya miaka ya zamani, kisha akatazama na kukuta faili ina ukubwa ule ule. Hilo si kosa la programu. Kurasa zilizofutwa hubaki ndani ya faili zikiwa tupu, zikingoja kuandikwa habari mpya. Kwa hiyo chama kinachoendelea kupokea mazao kila msimu hakina haja ya kuharakia matengenezo, maana nafasi hiyo itatumika tena.

Matengenezo yanafaa pale ambapo habari nyingi zimefutwa na nafasi yake haitarajiwi kutumika karibuni, au pale ambapo daftari limetawanyika mno. Katika SQLite amri ya kazi hiyo huitwa VACUUM. Amri hiyo hunakili kurasa zote zenye habari, moja baada ya nyingine kwa mpangilio, katika faili mpya ya muda. Ikisha kumaliza, huzirudisha kurasa hizo zilizopangwa juu ya faili ya asili, na faili ya asili hupungua.

Mtunza ghala yeyote anaijua kazi ya namna hii. Anayetaka kupanga upya magunia hawezi kuanza wakati ghala limejaa mpaka mlangoni. Hana budi apate sakafu tupu ya kuyaweka yale anayoyaondoa. Akianza bila sakafu, atalazimika kuyatoa nje, na mvua haina habari na ratiba yake.

MKASA WA CHAMA KIMOJA

Chama kimoja cha msingi, ambacho jina lake halina haja ya kutajwa, kilikuwa na kanzidata ya gigabaiti 4, pamoja na picha za wanachama na za stakabadhi. Kwenye diski ya kompyuta palikuwa na nafasi tupu ya gigabaiti 9. Alasiri moja katikati ya msimu, siku mbili kabla ya orodha ya malipo kupelekwa benki, karani aliona kompyuta inakwenda polepole, akaanza matengenezo. Nafasi ilitosha. Kilichokosekana ni umeme, ambao ulikatika wakati programu ikirudisha kurasa zilizopangwa juu ya daftari la asili.

Asubuhi yake kompyuta iliwashwa, na ikatoa onyo kwamba diski inakaribia kujaa. Karani akatafuta kilichoila nafasi. Akakuta faili mbili ambazo hakuzijua, kila moja yapata gigabaiti 4. Moja ilikuwa katika folda ya faili za muda ya kompyuta. Ya pili ilikuwa kando ya kanzidata, ikiwa na jina lile lile la kanzidata lililoongezewa neno "-journal". Akaona kwamba hii ya pili inaleta utata kwa kuwa jina lake lafanana na la daftari, akaifuta, akalimwaga na pipa la taka la kompyuta. Alipofungua programu, ilimjibu kwamba kanzidata imeharibika.

Faili ile haikuwa takataka. SQLite, kabla ya kubadili ukurasa wowote wa daftari, hunakili kwanza ukurasa huo kama ulivyokuwa na kuuweka katika faili ya "-journal". Kazi ikikatika njiani, programu itakapofunguliwa tena huikuta faili hiyo, huisoma, huzirudisha kurasa zote za zamani mahali pake, kisha huifuta yenyewe. Kama karani angeifungua programu bila kugusa chochote, angelikuta daftari kama lilivyokuwa alasiri ile kabla ya matengenezo. Katika zile faili mbili, moja ilikuwa mabaki matupu na nyingine ilikuwa uhai wa chama. Aliifuta ya pili.

Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa ya siku 19 nyuma, na siku hizo 19 ndizo zilizokuwa kilele cha msimu. Kamati ilikaa, vitabu vya stakabadhi vikatolewa kabatini, na kila mzani ukaandikwa upya. Mahali pengine kaboni ilikuwa imefifia hata tarakimu hazikusomeka, na wanachama wenyewe wakaitwa waje na karatasi zao. Bibi mmoja mzee alikuja na stakabadhi yake imefungwa katika karatasi ya nailoni, ndani ya pindo la kanga. Karatasi yake ilisomeka vizuri kuliko kivuli kilichobaki ofisini. Malipo yalichelewa wiki mbili. Wapo waliokopa ada za shule kwa sababu hiyo, na wapo walioanza kunong'ona kwamba kompyuta imefundishwa kula fedha za wakulima. Hakuna senti iliyoibwa, lakini mnong'ono haukaguliwi na mkaguzi.

AINA ZA FAILI ZA MUDA

Kutokana na mkasa huo ni dhahiri kwamba neno "muda" linapoteza watu. Faili za muda ni za aina zaidi ya moja, na kila aina ina hukumu yake.

Aina ya kwanza ni mabaki halisi. Hizi hukaa katika folda ya faili za muda ya kompyuta, na kwa kawaida programu huziondoa yenyewe ikimaliza kazi. Zikibaki baada ya umeme kukatika, hazina thamani tena. Zile za SQLite hutambulika kwa majina yanayoanza na herufi "etilqs", na jina hilo lina kisa chake. Hapo zamani faili hizo zilianza na jina la programu yenyewe. Kampuni moja ya programu za kuzuia virusi ilipoanza kuitumia SQLite, watu wengi waliona faili hizo zikijaa katika kompyuta zao. Walilitafuta jina hilo katika intaneti, wakapata namba za simu za watengenezaji, wakawaamsha usiku kwa malalamiko. Mwaka 2006 watengenezaji waliamua kuligeuza jina: asomaye "etilqs" kutoka mwisho kwenda mwanzo ataliona neno "sqlite". Mabaki ya aina hii yaweza kufutwa, lakini baada ya programu zote kufungwa na kompyuta kuwashwa upya, wala si wakati kazi inaendelea.

Aina ya pili ni faili ya "-journal" iliyokwisha kuelezwa. Hii haifutwi, haihamishwi, wala haibadilishwi jina na mkono wa mtu.

Aina ya tatu ni faili ya "-wal", ambayo hufuatana na nyingine ya "-shm". Baadhi ya programu huendesha SQLite kwa utaratibu ambao mizani mpya haiandikwi moja kwa moja katika daftari kuu. Huandikwa kwanza katika "-wal", na baadaye huhamishiwa daftarini. Kwa maneno ya ofisi, hicho ni kitabu cha kila siku ambacho bado hakijapostiwa kwenye leja. Anayekifuta anafuta mizani ya karibuni kabisa. Na anayenakili faili kuu peke yake wakati programu iko wazi, akiiacha "-wal", atajidai ana akiba kumbe ana daftari pungufu.

Yafaa kuongeza kwamba kosa hili si la makarani wa vijijini pekee. PostgreSQL ni programu ya kanzidata inayotumika katika ofisi kubwa na taasisi ulimwenguni. Nayo huandika mabadiliko yote kwanza katika folda maalumu. Folda hiyo iliitwa pg_xlog, jina lililofanana na majina ya faili za taarifa za matukio ambazo watu huzifuta bila madhara. Walitokea wasimamizi, watu waliosomea kazi hiyo, ambao diski zao zilipojaa waliifuta folda hiyo na kuharibu kanzidata zao. Katika toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, watengenezaji waliibadili jina ikawa pg_wal ili isidhaniwe tena kuwa takataka. Ikiwa wataalamu wamekosea, katibu asione haya kuuliza kabla ya kufuta.

HESABU YA NAFASI

Nafasi haikadiriwi kwa macho. Kwa SQLite kanuni ni kwamba amri ya VACUUM yaweza kuhitaji nafasi tupu hadi mara mbili ya ukubwa wa kanzidata. Kanzidata ya gigabaiti 4 itengewe gigabaiti 8 tupu. Sehemu ya kwanza ni ya nakala ya muda, na sehemu ya pili ni ya zile kurasa za zamani zinazowekwa akiba katika "-journal".

Hapo pana mtego mmoja. Nakala ya muda huandikwa katika folda ya faili za muda, ambayo mara nyingi iko kwenye diski C ya kompyuta, hata kama kanzidata yenyewe imewekwa kwenye diski D. Katibu atazame sehemu zote mbili. Yawezekana D ikawa na nafasi tele, na kazi ikakwama kwa sababu C imejaa.

Mtego wa pili ni pipa la taka. Faili iliyofutwa kwa njia ya kawaida bado imo ndani ya pipa na bado inakalia nafasi ya diski, mpaka pipa limwagwe. Kwa hiyo anayefuta picha na barua za zamani ili kupata nafasi, asihesabu nafasi hiyo kabla ya kumwaga pipa. Naye asilimwage kabla ya kusoma majina ya vitu vilivyomo.

Mtego wa tatu uko kwenye kihifadhi cha nje. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Flashi yaweza kuwa ya gigabaiti 32, tena tupu, na bado ikakataa nakala ya kanzidata ya gigabaiti 5. Dawa yake ni kuipanga upya kwa mtindo wa exFAT au NTFS. Ikumbukwe kwamba kuipanga upya kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo itumike flashi ambayo haina kitu cha thamani.

Jambo la kutia moyo ni kwamba nafasi ikiisha katikati ya kazi, kwa kawaida SQLite husimama, hutoa taarifa ya kosa, na kulirudisha daftari lilivyokuwa. Diski iliyojaa ni usumbufu. Maafa huja baadaye, mtu anapoanza kufuta kwa hofu.

UTARATIBU UNAOPENDEKEZWA

1. Matengenezo yapangiwe siku isiyo ya mizani wala ya malipo, na kamati ijulishwe. Kazi ya namna hii haifanywi kwa kuwa kompyuta imekuwa nzito alasiri moja.

2. Programu ifungwe katika kompyuta zote, kisha nakala ya akiba ichukuliwe katika kihifadhi cha nje. Nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine, na idadi ya wanachama pamoja na jumla ya kilo zilinganishwe na taarifa iliyochapwa. Nakala ambayo haijafunguliwa na kulinganishwa isihesabiwe kuwa akiba.

3. Ukubwa wa kanzidata na nafasi tupu ya kila diski viandikwe katika daftari la matengenezo, pamoja na tarehe na jina la mhusika. Nafasi isipotosha, kazi iahirishwe.

4. Kompyuta iwe na betri ya akiba iliyojaa. Pasipo na betri, hatari ya umeme kukatika ijadiliwe na kamati kabla ya kuanza.

5. Kazi ikianza isikatizwe, wala kompyuta isizimwe kwa kuwa inaonekana imesimama.

6. Kazi ikiisha, jumla zile zile zichapwe tena na kulinganishwa na za mwanzo, na katibu na mweka hazina watie sahihi. Penye mtaalamu, aendeshe pia amri ya kukagua uzima wa kanzidata, iitwayo integrity_check.

7. Kazi ikikatika, pasifutwe kitu. Folda yote yenye kanzidata, pamoja na kila faili iliyo kando yake, inakiliwe kwanza katika kihifadhi cha nje, programu ikiwa imefungwa. Baada ya hapo ndipo programu ifunguliwe na iachwe ijirekebishe. Ikishindwa, aitwe fundi, naye akabidhiwe ile folda nzima.

NENO KUHUSU KOMPYUTA ZA VYAMA VIKUU

Mahali ambapo vyama kadhaa vinatumia kanzidata moja ya PostgreSQL, msingi ni ule ule ingawa amri zinatofautiana. VACUUM ya kawaida hapo hufanyika watu wakiendelea na kazi, na huiacha nafasi tupu itumike tena ndani ya kanzidata. VACUUM FULL hujenga nakala mpya ya jedwali, na ile ya zamani haiachiliwi mpaka mpya ikamilike. Kwa hiyo yatakiwa nafasi ya kuzibeba zote mbili kwa pamoja. Tena, wakati huo jedwali hufungwa, na hakuna awezaye kulisoma wala kuliandika. Chama kikuu kinachoiendesha amri hiyo mchana wa siku ya ununuzi kitavisimamisha vyama vyake vyote kwenye mizani.

Maswali mazito, kama kupanga mizani yote ya msimu kwa majina, nayo huzaa faili za muda katika folda ya pgsql_tmp. Msimamizi aweza kuweka kikomo kwa kutumia kipengele kiitwacho temp_file_limit, ili swali moja lililoandikwa vibaya lisiile diski ya wote.

HITIMISHO

Ndugu Makatibu, hakuna katika haya linalohitaji shahada. Mtunza ghala hupima sakafu kabla ya kupanga magunia. Mweka hazina hachani karatasi asiyoijua kwa sababu tu imelala juu ya meza. Tabia hizo mbili zikihamishiwa kwenye kompyuta, sehemu kubwa ya hatari imekwisha.

Kamati nazo zina wajibu wao. Bei ya diski ya nje na betri ya akiba isiwekwe katika fungu la anasa. Na karani asiachwe peke yake na mashine asiyofundishwa, halafu akabebeshwa lawama siku ya hasara.

Ndugu Wanachama, yule bibi aliitunza karatasi yake katika pindo la kanga kwa sababu ndiyo iliyokuwa ushahidi wake wote. Kivuli cha karatasi hiyo alikiacha mikononi mwa chama, na ni haki yake kukikuta siku atakapokidai.